Kulinganisha Ubora wa Kamera Mbili kwa Haki

Tuseme walimu wa shule moja ya sekondari katika Kata ya Chonyonyo, Wilaya ya Karagwe, wanahitaji picha ya ukutani ya jani la mbuni lenye madoa ya kutu. Zipo kamera mbili za dijiti. Kamera A hutoa picha yenye pikseli 6,000 kwa 4,000, yaani milioni 24. Kamera B hutoa pikseli 9,000 kwa 6,000, yaani milioni 54, na bei yake ni kubwa zaidi. Je, yafaa fedha za shule zitumike kununua B?

Kosa la kawaida

Wengi hukuza picha zote mbili kwenye kioo cha kompyuta mpaka kila pikseli ichukue nukta moja ya kioo. Ulinganisho huo si wa haki: picha ya B imekuzwa mara 1.5 kuliko ya A, na dosari zake zimekuzwa pamoja nayo. Yapasa kulinganisha picha zilizochapwa kwa ukubwa ule ule.

Jaribio

1. Piga picha za jani lile lile katika mwanga ule ule, kamera ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu. Jani lijaze picha zote kwa kiasi kimoja.
2. Zichape kwa mashine moja, karatasi ya aina moja na upana mmoja.
3. Mwalimu aweke alama za siri nyuma ya picha. Wanafunzi 10, mmoja mmoja, wachague iliyo bora wakiwa umbali ule ule. Wakigawanyika 6 kwa 4, tofauti haijathibitika, maana hata kubahatisha huleta matokeo hayo.

Maelezo

Kwa umbali wa sentimeta 30, jicho lenye afya hutenganisha nukta zilizoachana kwa milimeta 0.09 hivi. Picha ikiwa na upana wa sentimeta 30, pikseli ya A ni milimeta 0.05 na ya B ni 0.033, zote hazionekani. Kwa upana wa sentimeta 90, A ni 0.15 na B ni 0.1, atazamaye karibu aweza kuona tofauti. Lakini aliyeketi mita 3 kutoka ukutani huhitaji milimeta 0.9, hivyo haioni.

Hitimisho

Lenzi zikiwa sawa, A inatosha kwa picha ya ukutani. B hufaa pale ambapo sehemu ndogo, kama doa moja, itakatwa na kukuzwa.

Zoezi

Kata robo ya upana wa picha ya A, uichape kwa upana wa sentimeta 30. Pikseli moja itakuwa na upana gani? Je, itaonekana kwa umbali wa sentimeta 30?