Lenzi Iliyogeuzwa: Njia Nafuu ya Kumpiga Picha Mdudu Mharibifu

Mkulima anayekuta matundu kwenye majani ya mahindi yake hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: ni mdudu gani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama atapulizia dawa, ni dawa ipi, au kama hapaswi kupulizia kabisa. Mtu wa kwanza wa kuulizwa ni afisa ugani wa kata. Hata hivyo kata ni pana, vijiji vimetawanyika, na mara nyingi mazungumzo huanza kwa picha iliyotumwa kwa simu. Hapo ndipo tatizo hujitokeza. Picha iliyopigwa kwa haraka huonesha jani vizuri, na juu ya jani huonekana doa la kahawia lisilo na kichwa wala mkia. Hakuna mtaalamu awezaye kumtambua mdudu kwa doa.

Somo hili linaeleza namna ya kupata picha ya karibu sana, inayoonesha alama za mwili wa mdudu, bila kununua lenzi maalumu ya gharama kubwa. Njia yenyewe ni kuichukua lenzi ya kawaida ya kamera na kuifunga kinyume, yaani mbele nyuma.

Uzito wa alama ndogo

Mfano ulio wazi ni viwavijeshi vamizi, ambao waliripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kufika Tanzania mwaka 2017. Kiwavi huyu hushambulia zaidi mahindi. Rangi yake hubadilika. Huweza kuwa kijani, kahawia au karibu nyeusi, hivyo rangi peke yake haitoshi kumtofautisha na viwavijeshi wa siku zote au na funza wanaotoboa mabua. Kinachomtambulisha ni alama mbili. Ya kwanza ni mstari mweupe usoni wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Ya pili ni madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba, juu ya pingili ya pili kutoka mwisho wa mwili.

Kiwavi aliyekomaa hufikia sentimita 3 hadi 4, na alama hizo huonekana kwa macho. Lakini aliyekomaa tayari amekwisha kula sehemu kubwa ya mmea, na hujificha ndani ya kikonyo ambamo dawa haimfikii kwa urahisi. Wakati wa kumdhibiti ni angali mdogo, akiwa na urefu wa milimita chache. Kwa hiyo picha yenye manufaa ni ile inayomwonesha kiwavi mdogo, na simu nyingi za kawaida haziwezi kuipiga. Ndivyo ilivyo pia kwa vithiripi wa vitunguu, wenye urefu wa milimita 1 hadi 2, na kwa utitiri mwekundu, ambaye hafiki hata milimita 1.

Gharama ya kukosea hulipwa kwa msimu mzima. Dawa isiyomhusu mdudu hupoteza fedha, huua wadudu marafiki wanaokula waharibifu, na humwacha mharibifu akiendelea kula.

Kwa nini kugeuza kunafaa

Lenzi ya kawaida imeundwa kutazama kitu kikubwa kilicho mbali na kutengeneza taswira ndogo iliyo karibu. Upande wa mbele huelekea mlimani, kwenye nyumba au kwa watu. Upande wa nyuma huelekea kihisi cha kamera, ambacho katika kamera nyingi za kidijitali kina upana wa takribani milimita 22 hadi 24. Mlima mzima hupunguzwa hadi ukaenea hapo.

Anayempiga picha kiwavi mdogo anataka kinyume chake. Kitu chenyewe ni kidogo na kiko karibu, na taswira inatakiwa iwe kubwa kama kitu hicho au kukizidi. Lenzi inapogeuzwa, upande uliozoea kutazama kitu kidogo cha karibu ndio humwelekea mdudu. Kila upande hufanya kazi ule ulioundiwa, na picha hutoka safi.

Ukubwa wa taswira hutegemea namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi. Lenzi ya milimita 50 iliyogeuzwa hutoa taswira inayokaribiana na ukubwa halisi wa mdudu. Maana yake kiwavi wa milimita 20 hukaribia kuenea upana wote wa picha. Lenzi ya milimita 28 hukuza takribani mara mbili au zaidi. Jambo hili hushangaza wengi, kwa kuwa ni kinyume cha mazoea: lenzi iliyogeuzwa hukuza zaidi kadiri namba yake inavyokuwa ndogo.

Vifaa vinavyohitajika

Kinahitajika kwanza kiwiliwili cha kamera ambayo lenzi yake hutolewa. Kamera ya aina hiyo yaweza kumilikiwa na kikundi cha wakulima, shule, au kijana wa kijiji anayepiga picha za harusi; si lazima kila kaya iwe na yake.

Pili, lenzi ya zamani ya milimita 50 au 28, hasa zile zilizotumiwa kwenye kamera za filamu. Lenzi hizo bado hupatikana katika studio za picha za zamani na makabatini majumbani, na ubora wake kwa kazi hii ni kwamba zina pete ya kuzungusha kwa mkono ili kupanua au kupunguza tundu la mwanga. Haidhuru kama lenzi ni ya kampuni nyingine tofauti na kamera, maana inapogeuzwa haifungwi kwa mdomo wake wa kawaida.

Tatu, pete ya kugeuzia. Hii ni pete nyembamba ya chuma: upande mmoja una hesi zinazoingia mbele ya lenzi, mahali pa kufungia kichujio, upande wa pili hufungwa kwenye mdomo wa kamera. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na lenzi maalumu. Kabla ya kuinunua, vipimo viwili vijulikane: aina ya kamera, na kipenyo cha mbele ya lenzi. Kipenyo huandikwa kwenye lenzi yenyewe kwa alama ya duara lililokatwa kwa mstari, na kwa kawaida huwa milimita 49, 52, 55 au 58.

Hatua za kufuata

1. Kamera izimwe, na lenzi yake itolewe mahali pasipo na vumbi, mdomo wa kamera ukiwa umeelekezwa chini. Pete ifungwe mbele ya lenzi ya zamani, kisha vyote vifungwe kwenye kamera.

2. Kamera iwekwe kwenye herufi M, kwa sababu haiwezi tena kuwasiliana na lenzi. Baadhi ya kamera hukataa kupiga picha zisipotambua lenzi. Hizo zina mpangilio wa kuruhusu kupiga bila lenzi, nao uwashwe.

3. Tundu la mwanga lifunguliwe lote ili mdudu aonekane vizuri wakati wa kulenga. Kabla ya kupiga, lipunguzwe hadi namba 8 au 11.

4. Kamera isogezwe karibu na mdudu. Lenzi iliyogeuzwa huona vizuri kwa umbali wa sentimita chache tu, mara nyingi kati ya 5 na 10. Kuzungusha pete ya kulengea kwenye lenzi hakusaidii kitu kikubwa. Mpigaji ndiye anayesogea mbele na nyuma, polepole, mpaka kichwa cha mdudu kionekane kwa ukali.

5. Picha zipigwe nyingi mfululizo, kamera ikisogezwa kidogo sana kati ya picha na picha. Sehemu inayotoka kwa ukali huwa na kina cha takribani milimita 1 au pungufu. Pumzi moja yatosha kuiondoa. Katika picha kumi, mbili nzuri ni mavuno ya kutosha.

Mwenye lenzi ya kisasa isiyo na pete ya tundu la mwanga anaweza kuitumia, ila kwa shida zaidi. Baadhi hubaki wazi kabisa zikitolewa kwenye kamera, na kina cha ukali huwa chembamba mno. Nyingine hujifunga, nazo huhitaji kijiwiko kidogo kilichopo nyuma kizuiliwe kwa kipande cha karatasi ngumu ili mwanga upite.

Mwanga na utulivu

Matatizo mawili humsumbua kila anayeanza: giza na mtikisiko. Lenzi ikiwa karibu hivyo, kivuli chake na cha mpigaji humwangukia mdudu. Na tundu likipunguzwa, mwanga hupungua zaidi. Karatasi nyeupe iliyoshikwa upande wa pili wa mmea hurudisha mwanga wa jua na kujaza kivuli. Jua kali la adhuhuri lifunikwe kwa kitambaa chepesi cheupe, kwa sababu hung'arisha ngozi ya kiwavi na kuzificha alama.

Wakati bora ni asubuhi mapema. Upepo huwa umetulia, na wadudu waliopatwa na baridi ya usiku hutembea taratibu. Mfuko mdogo uliojazwa mchanga au punje za mahindi hutosha kuegemeza kamera pasipo stendi. Kasi ya kupigia iwe sehemu ya 1/200 ya sekunde au zaidi. Mmea ukiyumba, jani likatwe na kulazwa juu ya sahani nyeupe.

Kwa mwenye simu peke yake

Kanuni ya kugeuza hutumika pia kwenye simu, lakini lenzi inayogeuzwa ni lazima iwe ndogo. Lenzi kubwa ya kamera ikiwekwa kinyume mbele ya simu huongeza kidogo tu. Kinachofaa ni lenzi ndogo iliyotolewa na fundi kutoka kwenye kamera ya simu mbovu. Ikigeuzwa na kubandikwa kwa uangalifu mbele ya kamera ya simu nzima, huonesha eneo la milimita chache, na mdudu husogelewa mpaka karibu kuguswa. Asiyeipata atumie kioo cha kukuzia kilichoshikwa mbele ya simu. Ukuzaji wake ni mdogo zaidi, lakini wasaidia.

Tahadhari

Lenzi iliyogeuzwa hukaa ikiwa imeuacha wazi upande wake wa nyuma, ambao haukuundwa kukabili vumbi, umande na miiba. Baada ya kila picha ufunikwe kwa kifuniko chake. Lenzi isibadilishwe katikati ya shamba lenye upepo, kwa kuwa vumbi likiingia kwenye kihisi huonekana katika kila picha itakayofuata. Shamba lililopuliziwa dawa lisiingiwe kwa ajili ya picha mpaka muda ulioandikwa kwenye kifungashio uishe.

Picha zinazomfaa afisa ugani

Picha ya karibu peke yake haimalizi kazi. Mtaalamu huhitaji kuona mdudu, uharibifu na mazingira yake kwa pamoja. Picha nne hutosha:

1. Mmea mzima, ili umri na hali yake vijulikane.
2. Sehemu iliyoharibiwa: jani, tunda, shina au kikonyo.
3. Kichwa cha mdudu kikitazamwa kutoka mbele au juu.
4. Mgongo wake wote hadi pingili ya mwisho, pembeni yake ikiwekwa rula yenye milimita.

Picha hizo ziambatane na jina la kijiji na kitongoji, tarehe, zao na umri wake, na dawa yoyote iliyokwisha kutumika. Mdudu mwenyewe ahifadhiwe kwenye chupa yenye matundu madogo pamoja na kipande cha jani, ili afisa akifika amkute. Picha haichukui nafasi ya kutembelewa shamba, bali humwezesha afisa kujua ni shamba lipi lisiloweza kusubiri hadi kesho.

Zoezi

Kabla ya kwenda shambani, anayejifunza achukue sarafu na kuipiga picha kwa lenzi iliyogeuzwa, akilenga herufi moja tu. Arudie mpaka apate picha tatu mfululizo ambamo kingo za herufi hiyo zinaonekana kwa ukali. Sarafu haitembei wala haiyumbishwi na upepo. Asiyeiweza hiyo hatamweza kiwavi. Akishaiweza, ajaribu kwa siafu aliyekufa, kisha kwa mdudu aliye hai juu ya jani. Siku matundu yatakapoonekana kwenye mahindi, mkono utakuwa umekwisha kuzoea, na picha itamfikia afisa kiwavi angali wa milimita chache.