Kufundisha Umbali na Muda wa Safari ya Ndege

Shule zilizo karibu na Kwa Sadala zina zana ya kufundishia isiyonunuliwa: ndege ziendazo Uwanja wa Kilimanjaro (KIA), uliofunguliwa mwaka 1971. Twashauri hesabu za mwendo zianzie hapo, mfano ukiwa safari ya KIA hadi Amsterdam, Uholanzi.

Kwanza, umbali. Wanafunzi wanyooshe uzi juu ya tufe la dunia kutoka ikweta hadi Ncha ya Kaskazini. Urefu huo ni kama kilomita 10,000. Kisha waunyooshe kutoka Kilimanjaro hadi Amsterdam na kulinganisha. Watakaribia kilomita 6,900.

Pili, muda. Tuseme mwezi Januari ndege yaondoka KIA saa 4:00 usiku, ikaenda moja kwa moja na kutua saa 10:30 alfajiri kwa saa za Amsterdam. Wengi watajibu: saa 6½. Tusiharakishe kuwakosoa, kwani kutoa wametoa sawasawa. Tuwaagize watafute mwendo: 6,900 ÷ 6½ ni zaidi ya kilomita 1,060 kwa saa, mwendo usio wa kawaida kwa ndege ya abiria. Jibu lajishtaki lenyewe.

Ndipo tuwaeleze kwamba Januari saa za Uholanzi huwa nyuma ya zetu kwa saa 2. Ndege ilipotua, kwetu ilikuwa saa 12:30 asubuhi. Basi safari ni saa 8½, na mwendo ni kama kilomita 810 kwa saa.

Kanuni ya kuandikwa ubaoni ni moja: kabla ya kutoa, geuza saa zote ziwe za mahali pamoja.