Betri ya Simu na Mawe ya Tochi

Wazee wetu walipozoea tochi na redio, walishika desturi moja ambayo hata leo yaonekana mashambani. Mawe ya tochi yakianza kuchoka, huyatoa na kuyaanika juani, kama vile mtu aanikavyo mihogo. Jioni huyarudisha mahali pake, na tazama, taa yawaka tena kidogo, na redio yasema tena hata taarifa ya habari imalizike. Wengine huyauma kwa meno, na wengine huyagonga kwa jiwe. Desturi hii si ujinga, maana ina sababu yake, nayo tutaieleza. Lakini siku hizi nyumba nyingi sana zina simu ya mkononi, na simu nayo ina betri. Na mtoto aliyemwona babu yake akianika mawe ya redio hudhani ya kuwa betri zote ni za tabia moja. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kwanza yatupasa kujua betri ni kitu gani. Mwaka 1800 mtaalamu mmoja wa Italia, jina lake Alessandro Volta, aliwaeleza wataalamu wenzake jambo jipya. Alitwaa visahani vya zinki na visahani vya fedha, akavipanga kimoja juu ya kingine kwa zamu, na baina ya kila jozi akatia kipande kilicholoweshwa maji ya chumvi. Mnara ule mdogo ukatoa umeme, nao haukukatika mara moja kama umeme wa radi, bali uliendelea kutoka. Tangu siku hiyo hata leo kanuni haikubadilika: huwekwa vitu viwili vya tabia mbalimbali, na kati yake kitu chenye majimaji, kisha waya huunganisha pande mbili, na umeme hupita.

Sasa tulitazame jiwe la tochi. Kopo lake la ndani ni zinki. Katikati kimesimama kijiti cha mkaa mgumu, na kukizunguka kijiti hicho pamejaa unga mweusi wenye manganizi, nao umelowa uji wa chumvi. Mfaransa Georges Leclanché ndiye aliyebuni namna hii mwaka 1866, ingawa ya kwake ilikuwa na maji ndani ya chupa, na wengine baadaye wakaifanya iwe kavu ipate kuchukulika mkononi. Tukiwasha tochi, zinki huliwa kidogo kidogo. Ni kama kuni jikoni: zikiisha kuwa majivu hazirudi kuwa kuni. Basi jua lafanya nini? Joto huharakisha kazi ya vile vitu vilivyosalia ndani, na jino au jiwe husukuma ule unga mweusi ukakaribiana. Hapana nguvu mpya iliyoingia. Ni kama kupuliza makaa yaliyobaki chini ya majivu. Na jiwe lililochoka likisahauliwa ndani ya tochi, zinki hutoboka, uji hutoka, na tochi huliwa kutu. Madhara yake kwa kawaida huishia hapo.

Betri ya simu si hivyo. Ndani yake mna lithiamu, ambayo ni nyepesi kuliko madini yote. Fikiri nyumba yenye vyumba viwili. Chumba kimoja kimejengwa kwa grafiti, yaani kitu kile kile kiandikacho ndani ya penseli. Cha pili kimejengwa kwa mchanganyiko wenye madini, na katika simu nyingi mojawapo ya madini hayo ni kobalti. Kati ya vyumba pana pazia la plastiki, jembamba kuliko unywele, lenye matundu yasiyoonekana kwa macho. Na nyumba nzima imelowa umajimaji. Tukichaji simu, chembe za lithiamu hupita katika pazia, zikaingia chumba cha grafiti, zikajibanza humo. Tukiitumia, hurudi zilikotoka, na katika kurudi kwake umeme hupita ndani ya simu na kuifanya iwake. Hapana kitu kinacholiwa kama zinki iliwavyo, na kwa sababu hiyo betri hii huchajiwa tena na tena kwa miaka.

Lakini umajimaji ule si maji ya chumvi. Ni wa jamii ya vitu vishikavyo moto upesi. Pazia likitoboka, pande mbili hugusana, joto huzaliwa kwa ghafula, umajimaji huwaka, na joto lile huzaa joto lingine.

Watu walioigundua betri hii waliijua hatari hiyo tangu mwanzo. M. Stanley Whittingham, aliyekuwa akifanya kazi Marekani katika miaka ya 1970, alitumia lithiamu tupu, na moto ukamsumbua mara nyingi. John Goodenough, huko Oxford katika Uingereza, alionyesha mwaka 1980 faida ya kobalti. Kisha Akira Yoshino wa Japani, mwaka 1985, aliiondoa lithiamu tupu akaweka mahali pake kitu cha jamii ya mkaa, chembe za lithiamu zipate kujificha humo. Aliiangushia betri yake chuma kizito ili aone kama italipuka, nayo haikulipuka. Mwaka 1991 betri za namna hiyo zikaanza kuuzwa, na mwaka 2019 mabwana hao watatu wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97, na kabla yake hapakuwa na mtu mwenye umri mkubwa hivyo aliyepewa tuzo hiyo. Na kobalti yenyewe, zaidi ya nusu ya ile ichimbwayo duniani yatoka Kongo, katika nchi ya Katanga na machimbo ya Kolwezi, ambako watu husema Kiswahili kama sisi, kwa matamshi yao. Kwa hiyo anayeshika simu Mombasa au Mwanza hwenda ameshika mkononi chembe ya udongo wa jirani zake.

Turudi kwenye jua. Joto ambalo huliamsha jiwe la tochi, huizeesha betri ya simu. Watengenezaji wakubwa huandika kwamba simu isitumiwe mahali penye joto la kupita nyuzi 35, na sote twajua kwamba bati la nyumba wakati wa adhuhuri hupita kiasi hicho kwa mbali. Mahali pasipo umeme wa serikali, watu wengi huchaji simu kwa sahani ya umeme wa jua. Hilo ni jambo jema kabisa, lakini mara nyingi nimeona sahani imewekwa uani, na simu imelazwa juani kando yake, ikiwaka joto hata haishikiki. Sahani yataka jua, simu yataka kivuli. Waya upitishwe dirishani, simu ikae ndani. Vivyo hivyo simu isiachwe ndani ya gari lililofungwa, wala juu ya kabati karibu na jiko.

Jambo la pili ni tarakimu ile tuionayo juu ya kioo. Katika kibatari twaona mafuta kwa macho. Katika betri hatuoni kitu. Ile 60 kwa mia au 15 kwa mia ni kadirio la programu iliyo ndani ya simu, ambayo hupima nguvu ya umeme na kuhesabu kiasi kilichoingia na kilichotoka. Betri ikiwa changa, kadirio huwa karibu na kweli. Ikizeeka, programu hukosea, na simu huzimika ghafula ingali ikionyesha 20. Simu nyingi, zikiisha kuchajiwa kamili kama mara 500, hubakiwa na uwezo wa kama 80 kwa mia ya ule wa kwanza. Mwaka 2017 kampuni ya Apple ilikiri ya kuwa programu yake ilipunguza mwendo wa simu zenye betri zilizochoka, ili zisizimike ghafula. Wenye simu wengi wakakasirika kwa kuwa hawakuambiwa waziwazi, na kampuni ikapunguza bei ya kubadili betri kutoka dola 79 hata 29. Kwa maoni yangu hasira yao ilikuwa ya haki. Mtu aliyedhani simu yake imekufa angaliweza kununua mpya, kumbe betri tu ndiyo iliyokuwa imezeeka. Basi simu ya nyumbani ikiwa nzito, fundi aulizwe habari za betri kabla fedha za karo hazijatoka mfukoni.

Desturi nyingine ya mawe ya tochi ni kuyatumia hata yakauke kabisa. Kwa simu haifai. Kuishusha hata izimike kila siku huichosha, na kuiacha imejaa kabisa usiku kucha katika joto huichosha pia. Yapenda kukaa katikati, kama baina ya 20 na 80, na simu nyingi za siku hizi zina programu ya kuzuia chaji isipite 80 mtu akitaka.

Hapa nitasema kidogo juu ya fedha, kwa sababu mama zetu wengi huuza samaki, mboga na vitenge kwa simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008. Watu wengine hushikwa na hofu simu ikizimika, wakidhani fedha zimezimika pamoja nayo. Sivyo. Fedha zimeandikwa katika hesabu za kampuni. Simu ni mlango tu. Mwenye laini yake na namba yake ya siri aweza kuitia laini hiyo katika simu nyingine akazikuta. Lakini mlango uliofungwa siku ya soko ni hasara vilevile.

Sasa lile lililo kubwa. Betri mbovu hutoa hewa ndani yake ikavimba. Dalili zake ni hizi: mgongo wa simu wainuka, kioo chaachana na fremu, au simu ikiwekwa mezani yazunguka kama pia. Mtoto wa zamani angeiuma kama alivyoliuma jiwe la tochi. Asithubutu! Betri iliyovimba haibonyezwi, haitobolewi, haichajiwi, wala haitupwi motoni pamoja na takataka. Izimwe, iwekwe nje ya nyumba, kivulini, katika chungu au debe lenye mchanga mkavu, mbali na watoto, hata mtu mzima aipeleke kwa fundi. Hata kampuni kubwa zimepatwa na mambo haya. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung ya Korea ya Kusini ilitoa simu iitwayo Galaxy Note 7. Baadhi zikawaka moto, simu zipatazo milioni 2.5 zikaitwa zirudishwe, na mwisho kampuni ikaacha kuitengeneza. Walipochunguza walikuta kasoro ndani ya betri, pande mbili zikigusana.

Chaja nazo zina maana. Tundu la ukutani hutoa umeme wa volti 230 au 240, na simu nyingi zataka volti 5 tu. Kazi ya chaja ni kuupunguza ule mkubwa. Chaja hafifu ya barabarani huenda ikauacha umeme mkubwa upenye. Kwa hiyo chaja inukayo plastiki iliyoungua, au iliyoota joto hata yauma mkono, ichomolewe siku hiyo hiyo.

Na usiku, simu ichajiwayo isilale kitandani. Chini ya mto haipati hewa ya kuipoza. Godoro la sponji na chandarua hushika moto upesi, na mwenye kulala hana habari. Ilazwe juu ya sakafu ya saruji, au juu ya sahani ya udongo, mbali na nguo. Ikitoa moshi, watu watoke kwanza, kwa maana moshi ule una sumu. Swichi ya umeme izimwe ikiwa yafikika pasipo hatari, kisha mtu mzima amwagie maji mengi, si kikombe kimoja, ili kuipoza. Simu iliyoungua isiguswe mara moja, kwa kuwa betri iliyozimika yaweza kuwaka tena baada ya saa nzima.