Somo Letu: Umetumwa Semina Kusemea Kikundi? Jitayarishe Hivi



Vikundi vyetu vinafanya kazi kubwa. Vinajenga matangi, vinachimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, vinafuga kuku na kukopeshana pesa. Lakini mwaliko wa semina ukifika, tunaanza kusukumana. "Wewe enda." "Aa, mimi siwezi, wacha mwenyekiti aende." Mwishowe anachaguliwa mtu mmoja, anapewa nauli, na hakuna anayemuuliza atasema nini. Akifika huko anasalimia wageni dakika tano, anasoma majina ya wanachama wote, halafu anaambiwa muda umekwisha. Kazi ya miaka mitatu inabaki ndani ya daftari.

Hiyo ni hasara kubwa. Katika semina huwa kuna watu wanaopanga miradi. Pia huwa kuna vikundi vinavyotaka kuanza kazi kama yenu, na mngeweza kuwaokoa wasipoteze saruji na pesa. Wasiposikia vizuri, wataondoka kama walivyokuja.

Wengi hufikiri kwamba kusema mbele ya watu ni kipawa cha kuzaliwa nacho. Sivyo. Anayejua habari yake kabisa, na anayejua kwamba kikundi kizima kiko nyuma yake, atasema vizuri hata kama magoti yanatetemeka. Kwa hivyo tutaanza na kikundi kabla ya kufika kwa msemaji.

Tutumie mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme kikundi chenu kiko sehemu kavu ya Ukambani. Mmejenga matangi ya saruji na waya ya kuvuna maji ya mvua kutoka kwa mabati. Mmealikwa kwenye semina ya siku moja ya vikundi vya maji, na mmepewa dakika 15.

1. KIKUNDI KIKAE KWANZA

Wiki mbili kabla ya semina, itisheni mkutano. Jiulizeni maswali manne na katibu aandike majibu:

(a) Ni nani watakaotusikiliza? Wakulima wenzetu, maofisa wa maji, ama wageni wasiojua kijiji chetu?
(b) Tunataka waondoke na nini? Taja jambo moja tu. Katika mfano wetu: "Kikundi cha kawaida kinaweza kujenga tangi lisilovuja kikifuata utaratibu."
(c) Tumepewa muda gani?
(d) Nani atasema?

Swali la mwisho lina mitego. Mara nyingi tunamtuma mwenyekiti kwa sababu ya cheo, ama kijana kwa sababu anajua Kiingereza. Lakini aliyekoroga saruji na kukunja waya ni mama ambaye hatajwi. Afadhali aende anayeijua kazi kwa mikono yake. Mkiona haya kumwacha mwenyekiti, basi yeye awasalimie watu na amtambulishe, kisha mama aeleze kazi.

Na mambo ya lugha yasiwatishe. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Anayesema Kiswahili kwenye semina haombi msamaha wa mtu yeyote.

2. KUSANYENI HESABU ZA KWELI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Semina nayo ni hivyo hivyo. Ukisema "tumesaidia watu wengi sana", hakuna atakayekumbuka. Ukisema "tumejenga matangi 12 kwa miezi 20", watu wanashika kalamu.

Fungueni daftari mwandike: wanachama ni wangapi, kila mmoja alichanga shilingi ngapi, mifuko mingapi ya saruji ilitumika kwa tangi moja, fundi alilipwa nini. Kama hesabu hazikubaliani, ni heri mgundue nyumbani kuliko kugunduliwa mbele ya watu.

Kisha geuzeni hesabu hizo ziwe kitu ambacho mtu anakijua. Tangi la lita 10,000 ni kubwa kiasi gani? Mgeni hawezi kuliona akilini. Lakini kila mtu anaujua mtungi wa lita 20. Lita 10,000 ni mitungi 500. Jamaa wakitumia mitungi minne kwa siku, tangi lililojaa litawatosha siku 125, yaani kama miezi minne.

Mtaulizwa pia, "Je, mabati yetu yanaweza kujaza tangi kama hilo?" Hapa pia kuna hesabu rahisi. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya paa la mita moja kwa mita moja, inaleta lita moja ya maji. Nyumba yenye paa linalofunika mita 10 kwa mita 6 ina mita 60 za mraba. Msimu ukileta milimita 300, hizo ni lita 18,000. Toa kama sehemu moja ya tano kwa maji yanayomwagika na kupotea, unabaki na lita 14,400. Kwa hivyo tangi la lita 10,000 litajaa, na mengine yatamwagika. Msemaji akiweza kufanya hesabu hiyo mbele ya watu kwa kutumia paa la nyumba ya mmoja wao, hawatamsahau.

3. PANGENI MANENO JUU YA MAFIGA MATATU

Sufuria hukaa imara juu ya mafiga matatu. Hotuba nayo ni hivyo. Chagueni mambo matatu tu, mengine yasubiri maswali. Dakika 15 mnaweza kuzigawa hivi:

– Kufungua: dakika 2
– Jambo la kwanza, tulivyochanga: dakika 3
– Jambo la pili, tulivyojenga: dakika 3
– Jambo la tatu, kilichoharibika na tulivyorekebisha: dakika 3
– Kufunga: dakika 1
– Maswali: dakika 3

Mtu atauliza, kwa nini tueleze kilichoharibika? Si tutajiaibisha? Wapendwa, hapo ndipo semina inapopata faida. Tuseme tangi moja lilipasuka kwa sababu baada ya kupiga plasta liliachwa kwa jua kali bila kumwagiliwa. Saruji inahitaji maji ili ishikane vizuri. Ikikauka haraka inakuwa dhaifu na kupasuka. Inafaa ifunikwe kwa magunia au nailoni na kuwekwa unyevu angalau siku saba, na kwa tangi la maji ni vizuri kuendelea zaidi ya hapo. Kikundi kingine kikisikia hivyo, kimeokoa tangi zima. Tena wasikilizaji wakiona mnasema ukweli juu ya hasara, watawaamini mkisema juu ya faida.

Lakini jihadharini. Elezeni kosa bila kumtaja aliyelifanya. Jina la mwanachama halipelekwi semina kuaibishwa.

4. MANENO YA KUFUNGUA

Sikilizeni namna mbili za kuanza.

Ya kwanza: "Bwana mwenyekiti, mheshimiwa, wageni wote itifaki ikizingatiwa, mimi sina mengi ya kusema, hata sikujitayarisha, na huenda nikawachosha..." Huyu amewaambia watu walale, na wengi watalala.

Ya pili: "Bwana mwenyekiti, wageni waheshimiwa, wanavikundi wenzangu, hamjambo. Mtungi huu ni wa lita 20. Kabla ya kujenga matangi, mama wa kijiji chetu alitembea masaa matatu, kwenda na kurudi, kuutafutia maji. Leo tangi lake likijaa lina mitungi 500 kama huu, hatua kumi kutoka jikoni. Nimekuja kuwaeleza mambo matatu: tulivyochanga, tulivyojenga, na vile tangi moja lilipasuka."

Heshima imetolewa kwa sentensi moja, na kila mtu anajua kinachokuja. Tena mtungi umeonekana kwa macho. Chukueni vitu vya kuonyesha: kipande cha waya, picha, ama mchoro kwenye karatasi ya manila. Andikeni herufi kubwa zinazosomeka kutoka nyuma ya ukumbi, na msijaze maneno. Semina nyingine zina mashine ya kuonyesha picha ukutani. Ni nzuri, lakini umeme hupotea. Karatasi ya manila haihitaji stima. Na kwa msemaji asiyejua kusoma, michoro mitatu iliyopangwa kwa utaratibu itamkumbusha maneno yote.

5. MAZOEZI

Msemaji asiandike hotuba nzima na kuisoma. Anayesoma anaangalia karatasi, na watu wanaangalia nje. Aandike kadi ndogo nne au tano, kila moja ikiwa na kichwa cha jambo na hesabu zake. Sentensi ya kwanza na ya mwisho azikariri kabisa.

Halafu afanye mazoezi mara tatu. Mara ya kwanza peke yake, kwa sauti, hata akiwa shambani. Mara ya pili mbele ya watu wa nyumbani. Mara ya tatu mbele ya kikundi, mmoja akishika saa na mwingine akikaa nyuma kabisa kuona kama sauti inafika. Wengine waulize maswali magumu: "Pesa zilizobaki ziko wapi?" "Mbona matangi mawili yako kwa jamaa wa mwenyekiti?" Yaulizwe nyumbani kwanza. Kama jibu la kweli linawatia aibu, basi kuna kazi ya kufanya kikundini kabla ya kwenda semina.

Mkipita dakika 12 kabla ya maswali, punguzeni maneno. Kuongea haraka hakutawasaidia.

6. SIKU YENYEWE

Fika mapema. Tazama utakaposimama na mahali pa kubandika karatasi yako. Kama kuna maikrofoni, ijaribu watu kabla hawajaingia.

Woga utakuja. Mwili ukihisi hatari hutoa homoni inayoitwa adrenalini: moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka, mdomo unakauka. Hata wazoefu hupatwa nayo, na kwa kawaida hupungua ukishaanza. Fanya hivi:

– Kunywa maji kidogo kabla hujaitwa.
– Vuta pumzi, kisha itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Rudia mara nne au tano.
– Simama miguu yote miwili ikiwa chini imara.
– Shika kadi ngumu. Karatasi nyepesi hutangaza mkono unaotetemeka.
– Tafuta nyuso tatu za kirafiki, moja kushoto, moja katikati, moja kulia. Zungumza na hao.
– Ukisahau, nyamaza kidogo na utazame kadi yako. Kimya ambacho wewe unakiona kirefu, wasikilizaji wanaona umepumzika tu.

Ukiulizwa swali, lirudie kwa kifupi ili wote walisikie, kisha lijibu. Usilolijua sema, "Hilo sina hakika nalo. Nitauliza kikundi na kuleta jibu." Andika swali na jina la aliyeuliza, na ulete jibu kweli. Akija mtu wa kubishana, usigombane naye. Mshukuru, mjibu mara moja, endelea.

7. KURUDI NYUMBANI

Kazi ya msemaji haiishii kwa chakula cha mchana cha semina. Mkutano unaofuata atoe ripoti: nilisema nini, niliulizwa nini, nimejifunza nini kwa wengine. Nauli iliyobaki airudishe pamoja na risiti. Na safari ijayo atumwe mwingine, huyu amfundishe. Kikundi chenye msemaji mmoja tu kinabaki bubu siku akiugua.

8. FAIDA NYINGINE: VIKAO VYA BAJETI YA KAUNTI

Ujuzi huu una kazi nyingine tena. Katiba inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, serikali ya kaunti inatakiwa kupeleka makadirio ya bajeti kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kwa hivyo msingojee Juni ndio mwanze kuuliza habari.

Katika vikao hivyo huenda mkapewa dakika tatu tu. Hapo hakuna nafasi ya mafiga matatu ya kueleza kazi. Semeni shida na hesabu yake, ombi lenu moja, na kile ambacho kikundi kimeshafanya chenyewe. Kisha mwache ombi hilo kwa maandishi, likiwa na tarehe na sahihi za viongozi, na mbaki na nakala. Maneno matupu hupeperuka, lakini karatasi yenye tarehe mtaweza kuifuatilia.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Mara ya mwisho tulipomtuma mtu semina, tulimtayarisha namna gani? Alileta ripoti gani?
2. Katika kikundi chetu, nani anaijua kazi vizuri lakini hajawahi kupewa nafasi ya kuisemea? Kwa nini?
3. Ni hasara gani tuliyoipata ambayo kikundi kingine kingefaidika kuisikia?

ZOEZI: Katika mkutano ujao, chagueni wanachama wawili ambao hawajawahi kusema mbele ya watu. Kila mmoja apewe dakika tatu aeleze kazi moja ya kikundi, akiwa na kitu kimoja cha kuonyesha na hesabu moja ya kweli. Wengine waseme kwanza lililokuwa zuri, kisha jambo moja la kurekebisha.