Mbele ya Nani? Kuyajibu Maoni ya Watumiaji wa Programu ya Kuchorea kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili jinsi maoni ya watumiaji yanavyopaswa kupokewa na kujibiwa na wanaotayarisha kiolesura cha Kiswahili cha programu ya kuchorea. Kiolesura hapa ni menyu, vitufe na ujumbe mfupi uonekanao kwenye skrini. Hoja inayotetewa ni kwamba lalamiko kuhusu neno aghalabu huwa ni lalamiko kuhusu taswira iliyobebwa na neno hilo. Kwa hiyo, kubadili istilahi pekee hakutoshi kuwa jibu.

Suala hili lina historia nchini Tanzania. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice.org. Miongoni mwa programu za OpenOffice.org imo Draw, ambayo hutumika kuchorea maumbo na chati. Kwa kuwa programu hizo ni huria, marekebisho yatokanayo na maoni ya watumiaji huweza kufanywa bila kungoja hisani ya mwenye mali. Hata hivyo, mjadala unaosikika mara kwa mara ni ule wa kompyuta, ngamizi na tarakilishi. Mjadala huo umekula muda mwingi kuliko unavyostahili. Mtu akizoea jina lolote kati ya hayo, kazi yake haikwami. Hukwama kwingine.

2.0 Mbele na nyuma

Katika Draw, umbo linalochorwa baadaye hulifunika lile lililotangulia pale yanapokutana. Amri za Kiingereza za kubadili mpangilio huo hutaja mbele na nyuma. Mfasiri akiandika "Leta Mbele" na "Peleka Nyuma" hakuna kamusi itakayomkosoa.

Ichukuliwe mfano wa mwalimu wa Tingi, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, anayewachorea wanafunzi wake ngoro, kilimo cha mashimo cha Wamatengo. Majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokingamana hata ikafanya miraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kumwagwa juu ya majani. Hubaki shimo lililozungukwa na matuta. Shimo huyazuia maji ya mvua yasiuporomoshe udongo mlimani, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea.

Mwalimu huyo amechora udongo kwanza, kisha majani, nayo majani yameufunika udongo. Anataka kuyashusha. Katika menyu hakuna chini. Kuna mbele na nyuma. Anayachagua majani, anabonyeza "Leta Mbele", na hakuna kinachobadilika, kwa sababu kwa hesabu ya programu majani yako mbele tayari. Akitoa maoni ataandika kwamba amri hiyo haifanyi kazi. Mtayarishaji ataijaribu, ataiona inafanya kazi, na ataifunga hoja. Wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Chanzo cha mkanganyo kimo katika lugha. Katika Kiingereza, kitu kisicho na uso, kama mti au kisiwa, kwa kawaida huchukuliwa kana kwamba kimemwelekea mtazamaji, hivyo kilicho mbele yake ni kile kilicho karibu na mtazamaji. Kiswahili kinaikubali maana hiyo, lakini kinaikubali pia nyingine, kwamba mbele ni kule aendako au atazamako msemaji. Atokaye Songea husema kwamba Mbamba Bay iko mbele ya Mbinga. Atokaye Mbamba Bay husema kwamba Songea ndiyo iliyo mbele ya Mbinga. Hali kadhalika, mtu aliyesimama ufukweni akiambiwa kwamba mtumbwi uko mbele ya kisiwa, anaweza kuutafuta upande wa huku au ng'ambo. Kwa maana hii ya pili, kulisogeza umbo mbele ni kulitenga na macho, kinyume kabisa cha kusudi la amri. Kitenzi "leta" huonyesha mwelekeo kidogo. "Sogeza Mbele" hakionyeshi chochote.

3.0 Aina ya jibu

Jibu la haraka lingekuwa kutumia juu na chini. Lingemfaa mchoraji wa ngoro, lakini ukurasa nao una juu na chini yake, na Draw ina amri nyingine za kupanga maumbo kwa kufuata kingo hizo. Anayebonyeza "Peleka Juu" atalitazamia umbo lipande. Kinachoelekea kufaa zaidi ni kuacha maneno ya mahali na kutumia kitenzi: "Funika Mengine" na "Funikwa na Mengine". ("Fukia" lingempendeza mkulima, lakini lina udongo mno.) Kitenzi hutaja tokeo ambalo mtumiaji analiona kwa macho, popote anapodhani mbele ipo.

Yako pia maoni yanayolaumu sarufi. Ujumbe unaoeleza kwamba kitu fulani kimechaguliwa huundwa na programu kwa kuunganisha jina la kitu na kauli isiyobadilika. Katika Kiswahili hutokea "Mstari imechaguliwa" au "Duara imechaguliwa", ilhali inatakiwa "umechaguliwa" na "limechaguliwa". Mtumiaji huuita ujumbe huo Kiswahili kibovu, naye mfasiri hulaumiwa kwa kosa la muundo wa programu, uliobuniwa bila kuzingatia ngeli. Kuomba radhi na kubadili kiambishi kimoja huhamisha kosa kutoka ngeli moja hadi nyingine. Ni afadhali kuandika "Umechagua: mstari". Hapo kitenzi hupatana na mtumiaji, ambaye habadiliki, wala si na umbo.

Kwa hiyo anayepokea maoni aulize kwanza mtumiaji alikuwa akichora nini, alitazamia nini, na aliona nini. Swali la neno analolipendelea lije mwisho, kwa maana mtu akiulizwa hilo kwanza hutaja neno lolote lililo karibu, na mwalimu wa Tingi angesema "chini". Aidha, amri ikibadilishwa, ibadilishwe katika menyu, vitufe na maelezo ya msaada kwa pamoja, na mtoa maoni aelezwe kwa Kiswahili kilichobadilishwa na sababu yake, hasa pale ambapo neno alilolipendekeza halikuchukuliwa.