UTOMVU WA DUNGUSI KAKATI NA JINSI YA KUITAMBUA

Watu wengi waonapo mmea mnene wenye miiba na usio na majani huuita dungusi kakati bila kuuchunguza. Kosa hilo laweza kumletea mtu madhara ya macho. Ule mti mkubwa wa nyikani, ambao matawi yake husimama kama kinara cha taa, si dungusi; ni ndugu ya mnyaa unaopandwa kuwa ua. Utomvu wake ni mweupe kama maziwa, nao ukiingia machoni huwasha vikali na huweza kumpofusha mtu. Aliyepatwa na jambo hilo aoshe macho papo hapo kwa maji safi mengi, kisha aende hospitali.

Asili ya karibu dungusi zote ni Amerika. Katika Kenya ijulikanayo sana ni mpungate, mmea ulioenea Laikipia na kuharibu malisho. Ukikatwa hautoi maziwa, bali maji yenye utelezi kama wa bamia. Ute huo ndio unaosaidia kuyahifadhi maji ndani ya mmea wakati wa kiangazi.

Je, yatosha basi kutazama rangi ya utomvu? Haitoshi. Huko Meksiko kuna dungusi ndogo ziitwazo Mammillaria, zenye vinundu mwili mzima. Baadhi yake hutoa maji maangavu, na nyingine hutoa maziwa. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Schumann, alizigawa kwa alama hiyo: zenye maji fungu moja, na zenye maziwa fungu la pili. Mgawanyo huo ulifaa, lakini haukumaliza neno. Zimo aina ambazo maziwa hupatikana ndani ya shina tu, hata kinundu kikichomwa hakitoi kitu cheupe. Kwa sababu hiyo wataalamu wa siku hizi huchunguza pia maua, mbegu na vinasaba.

Iliyo alama ya hakika ni kidoa. Kila dungusi ina vidoa vidogo, aghalabu vyenye manyoya mafupi, na miiba huota humo. Mnyaa na ndugu zake hawana vidoa vya namna hiyo. Basi mwenye kutaka kukata mmea wa miiba na atazame vidoa kwanza, wala asingoje kufundishwa na utomvu.