Dawa Moja, Damu Mbalimbali

Hapa Narung'ombe mtu akidhurika na dawa husemwa kuwa mganga amekosea kipimo, au kuna mkono wa mtu. Huenda si hivyo. Watu wawili waweza kumeza dawa moja, kwa kipimo kimoja, mmoja akapona na mwenzake akakojoa mkojo mweusi. Tofauti huwa imo katika damu waliyozaliwa nayo.

Chembechembe nyekundu za damu zina kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kazi yake ni kuzilinda, kama mafuta yanavyolinda jembe lisiliwe na kutu. Wapo watu waliozaliwa na upungufu wake. Hulima na huzaa kama wengine, wala hawajijui. Lakini wakimeza dawa kama primakwini ya malaria au dapsoni ya ukoma, chembechembe zao huweza kupasuka kwa wingi. Baada ya siku chache utaona macho ya manjano, uchovu, kuhema, na mkojo wa rangi ya chai kavu.

Mvulana huurithi upungufu huu kwa mama yake, ambaye mwenyewe pengine hajaugua hata siku moja. Kwa hiyo mganga akikuuliza habari za wajomba wa mtoto, usidhani anachimba mambo ya ukoo.

Wataalamu wa Marekani waligundua chanzo hiki mwaka 1956, walipochunguza watu waliodhurika na primakwini. Hata hivyo, mwaka 2003 ilipitishwa dawa ya malaria ya bei nafuu kwa ajili ya Afrika, iitwayo Lapdap, yenye dapsoni ndani yake. Mwaka 2008 iliondolewa, kwa sababu wagonjwa wenye upungufu wa G6PD walipungukiwa damu. Miaka 52 ilikuwa imepita! Elimu ilikuwapo, lakini zahanati za vijijini hazikuwa na kipimo cha kumtambua mtu kabla hajameza.

Kipimo chenyewe huhitaji damu kidogo tu. Maabara hupima nguvu ya kimeng'enya, na maabara kubwa huweza kusoma chembe za urithi zenyewe. Ila mgonjwa akipimwa mara tu baada ya kudhurika, majibu yaweza kudanganya: chembechembe dhaifu zimekwisha pasuka, zimebaki changa zenye nguvu. Hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi.

Msiikimbie dawa ya mseto ya malaria, ALu. Hiyo haimo katika dawa nilizozitaja. Mkojo mweusi nao waweza kuletwa na malaria kali yenyewe, basi mgonjwa aletwe siku hiyo hiyo, pamoja na karatasi au kopo la kila dawa aliyomeza. Neno "vile vidonge vyeupe" halitusaidii, maana vyeupe ni vingi. Jina la dawa iliyomdhuru liandikwe kwenye daftari lake la matibabu, naye alionyeshe kila aendako, hata akienda Ruangwa au Nachingwea. Na vidonge vilivyobaki asipewe mtoto wa jirani.